Bi Ngiri Aingiaye Kinyumenyume

Mwaka ule mvua iliikwepa mbuga ya Nyaluma kama mtu anayemkwepa mkwe wake njiani. Mto ulikauka kuanzia juu mpaka chini. Nyasi zikawa makapi, viboko wakahama bila kuaga, na mamba mmoja aliyebaki alilala mchangani mdomo wazi, si kwa ukali bali kwa mshangao.

Kilichobaki ni kisima kimoja, tena si kisima cha kujivunia. Kilikuwa shimo tu, lililochimbwa na wanyama kwa kwato na kucha katikati ya mchanga wa mto. Maji yalitoka chini polepole tangu alfajiri, na jua likifika utosini shimo lilikuwa limejaa kiasi cha kila mmoja kupata mafunda mawili matatu. Kwa hiyo walikubaliana kwamba mtu asiguse maji mpaka adhuhuri, kisha wapange foleni na kunywa kwa zamu.

Shida ilikuwa Simba. Mchanga ule ulikuwa mweupe na wazi, hauna hata kijiti cha kujisitiri. Bahati nzuri Mhanga, fundi wa kuchimba asiyejua kutulia, alikuwa na tabia ya kuchimba nyumba, kulala humo siku moja, halafu kuhama. Kingo zote mbili za mto zilijaa mashimo yake matupu. Kila mnyama alijichagulia lake, akajua likitokea la kutokea atakimbilia wapi.

Mlinzi wa kwanza alikuwa Kanga. Kanga alijaliwa macho mazuri na akili za Kanga. Jani likianguka, "Simba! Simba!" Kunguru akikohoa, "Simba!" Siku moja alikiona kivuli chake mwenyewe, akapiga kelele mpaka akazirai. Wanyama wakawa wanashinda mashimoni, na magoti yamewachubuka kwa kukimbia.

Hapo ndipo Fisi alipojitokeza.

"Jamani, roho zenu mmemwachia Kanga?" alisema kwa huruma nyingi. "Nani hapa anamjua Simba kuliko mimi? Maisha yangu yote nimetembea nyuma yake. Naijua harufu yake, nazijua hatua zake, hata anavyopiga miayo najua."

"Na wewe unataka nini?" aliuliza Sungura, ambaye hakuwahi kuamini wema uliokuja bila kuitwa.

"Mimi? Sitaki kitu. Nyinyi kunyweni, mimi nitakunywa wa mwisho."

Maneno hayo yaliwaingia. Nungunungu alitokwa na machozi, na siku zile machozi yalikuwa anasa. Fisi akapewa ulinzi palepale, pamoja na mwamba wa kusimama na shimo zuri la karibu, chini ya mwamba huo, la kujifichia mwenyewe. Bi Ngiri naye aliunga mkono, na baadaye alijilaumu sana kwa hilo.

Bi Ngiri alikuwa mama wa watoto wanne, uso umejaa chunjua, mkia wima, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Wenzake walimcheka kwa jambo moja. Wanyama wengine, wakisikia hatari, walijitosa shimoni kwa kichwa. Bi Ngiri aliwatanguliza watoto, kisha yeye akageuka, akaingia kinyumenyume, matako mbele na uso nje, meno yake mawili yakilinda mlango. Bibi yake aliingia hivyo, na mama yake aliingia hivyo.

"Bi Ngiri," Mbweha alimtania siku moja, "yaani nyumba yako inasalimiwa na matako?"

"Nyumba ni yangu," alijibu Bi Ngiri, "na matako ni yangu."

Siku ya kwanza ya ulinzi wa Fisi, maji yalipojaa tu na foleni kunyooka, sauti kubwa ilitoka juu ya mwamba: "Ndani! Ndani! Simba huyoo!" Wote wakatimka. Vumbi likatanda, kila mtu akajichimbia kwake, wakakaa wakitetemeka. Baada ya muda wakasikia, "Amekwenda! Tokeni!" Walipotoka, kisima kilikuwa kikavu, na Fisi alikuwa anahema kando yake.

"Amekunywa yote," alisema. "Nilijibana nyuma ya mwamba, roho mkononi. Mshukuruni Mungu hakula mtu."

Wakamshukuru Mungu, wakamshukuru na Fisi.

"Mbona sioni nyayo zake?" aliuliza Sungura.

"Nimezifagia," alijibu Fisi. "Watoto wasije wakaziona wakaota ndoto mbaya."

Mama wote walisema huyu kweli ni mlezi. Siku ya pili Simba alikuja tena, na siku ya tatu hivyohivyo, kila mara maji yanapofika ukingoni. Wanyama waliambulia kulamba mchanga mbichi. Mbavu zao zilionekana kwa mbali, lakini Fisi alizidi kung'aa, na tumbo lake likaanza kumtangulia njiani.

"Huu ni uvimbe," alieleza alipoulizwa. "Uvimbe wa wasiwasi. Kazi hii inaniua."

Asubuhi ya siku ya nne, mtoto wa mwisho wa Bi Ngiri, aliyeitwa Sikitu, hakuamka na wenzake. Macho yalikuwa wazi, lakini miguu ilikataa. Alipotaka kulia, sauti haikutoka. Bi Ngiri alimlamba usoni akaona ulimi wake mwenyewe hauna mate ya kumlowesha. Alikuwa amewahi kuzika watoto, alijua dalili. Huyu asipokunywa leo au kesho, keshokutwa hatakuwepo.

Alimsukuma kwa pua, hatua kwa hatua, mpaka kisimani. Akamweka kivulini kwake, akangoja zamu. Maji yakapanda. Yakafika ukingoni. Sikitu akayanusa.

"Ndani! Ndani! Simba!"

Watoto watatu wakubwa walikimbia nyumbani, nyuma ya kona ya mto, kwenye shimo lililotazama vichaka vya miiba. Sikitu hakuweza. Bi Ngiri hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alimkumba mtoto kwa kichwa, akamtosa kwenye shimo tupu lililokuwa hatua chache tu kutoka kisimani, akageuka, akaingia kinyumenyume. Uso wake ukabaki mlangoni, na kwa mara ya kwanza mlango ulitazama maji.

Alimsubiri Simba, meno nje. Simba hakuja. Aliyekuja ni Fisi. Alishuka mwambani bila haraka, akajinyoosha, akatazama kushoto na kulia, akaona matako ya mbuga nzima yamezama mashimoni, ila uso mmoja wa rangi ya udongo hakuugundua. Akainamisha kichwa akanywa. Alikunywa, akapumzika, akacheua, akaendelea kunywa. Alipomaliza alifagia nyayo zake kwa mkia, akagaagaa vumbini, akajifanya anahema, kisha akapaza sauti, "Amekwenda! Tokeni!"

Bi Ngiri alitamani kumtoboa palepale. Lakini alikuwa peke yake, na mgongoni mwake alisikia pumzi ya Sikitu, nyepesi mno. Alingoja wote watoke, ndipo akasema.

"Simba hakuna. Nimeona kwa macho yangu. Maji anakunywa Fisi."

Fisi akacheka kile kicheko chake.

"Macho yapi, Bi Ngiri? Jamani, sisi sote hapa tunaingia ndani kwa kichwa, kiungwana. Mwenzetu anaingia kwa matako. Leo matako yamekuja kutoa ushahidi!"

Wote waliangua kicheko. Hata wale wasiokuwa na mate ya kucheka walicheka. Bi Ngiri aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, kisha aibu ikageuka hasira.

"Na nyinyi mliona nini?" aliuliza. "Nungunungu, wewe uliona nini?"

"Mimi... udongo," alisema Nungunungu.

"Mbweha?"

"Udongo pia. Na mzizi."

Vicheko vilianza kupungua. Fisi aliliona hilo upesi.

"Basi, yaishe," alisema kwa sauti ya mtu aliyeumizwa. "Kama hamniamini, naacha kazi. Mrudisheni Kanga."

Kabla hajamaliza, Kanga, kwa furaha ya kurudishiwa cheo, alimwona mdudu akisukuma mavi, akapiga ukelele wa "Simba!" Mbuga nzima ikatimkia mashimoni. Walipotoka, wawili wakichechemea, walimwendea Fisi kumbembeleza asiwatupe. Fisi alikataa kidogo, kama bibi harusi, kisha akakubali.

Alasiri hiyo Bi Ngiri alikuwa anachimbua mizizi ampe Sikitu afyonze. Sungura akaja, akakaa pembeni.

"Mimi sikucheka," alisema.

"Hukusema pia."

"Kusema ni kazi yako, dada. Mimi kazi yangu ni kupanga. Nimepanga jambo. Ila likifanikiwa, wa kwanza kunywa niwe mimi."

"Wa kwanza ni Sikitu."

"Wa pili basi."

"Wa pili, wa tatu na wa nne ni ndugu zake."

Sungura alishusha masikio. "Wa tano. Lakini ujue nafanya hivi kwa roho safi tu."

Akatoweka kuelekea milimani. Alirudi jua linazama, kajaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Nimefika kwa Simba mwenyewe," alisema akihema. "Yuko kule juu kwenye chemchemi ya majabali, ana maji yake baridi. Nimesimama mbali, nikamwambia hivi: Shikamoo Mzee, huko chini kuna mtu kila adhuhuri anatangaza kuwa umekuja, umekunywa maji ya mchangani mpaka tone la mwisho. Watu sasa wanakuita mlafi."

"Akasemaje?"

"Alisimama. 'Mlafi? Mimi? Maji ya mchangani?' Manyoya yalimsimama yote. Nadhani kilichomuuma zaidi ni ule mchanga. Kesho anakuja kulisafisha jina lake."

Kwa Bi Ngiri, kumwita Simba kwa hiari halikuwa jambo dogo. "Akitula?"

"Ndiyo maana kuna mashimo. Wewe wafundishe kuingia. Lakini mashimo ya upande wa kisima, na uso nje, wote wajionee."

Asubuhi Bi Ngiri alipita kwa kila mmoja. "Mara moja tu," alisema. "Ingieni kama mimi. Nikiwa mwongo, mnicheke mpaka mvua inyeshe." Walisitasita, ila Sungura alimfuata nyuma, akimnong'oneza kila mmoja kwamba wenzake wote wameshakubali, amebaki yeye tu. Basi wakakubali wote.

Adhuhuri ilifika. Sikitu hakuwa anafungua macho tena. Bi Ngiri alimlaza kwenye lile shimo la karibu mapema, na ndugu zake watatu pembeni yake, yeye akasimama kwenye foleni peke yake. Maji yakapanda yakafika ukingoni.

"Ndani! Ndani! Simba huyoo!"

Wakatimka. Safari hii walipofika milangoni waligeuka. Haikuwa rahisi. Mbweha aliingia akatoka mara mbili akitafuta mlango kwa mkia. Nungunungu alinasa, maana miiba yake ililalia upande mwingine, akasukumwa kwa nguvu huku akilalamika. Mwishowe ukingo mzima ulikuwa umejaa nyuso, macho yote yakitazama kisima.

Fisi hakuangalia. Siku nne za raha zilimfanya aache hata ule utaratibu wa kutazama kushoto na kulia. Alishuka moja kwa moja akatia mdomo majini. Nyuso zikamtazama. Machozi ya Nungunungu yakamtoka tena, safari hii ya hasira, na taya la Mbweha likaning'inia.

Fisi alikuwa amefika nusu ya kisima pale mtu alipokohoa nyuma yake.

Harufu ile aliijua. Maisha yake yote alitembea nyuma yake, sasa ilikuwa nyuma yake yeye. Hakugeuka. Miguu ilimtoka mbio kabla akili haijaamua, akakimbilia shimo la kwanza aliloliona. Ndani yake kulikuwa na uso wa Bi Ngiri.

"Bi Ngiri, nisogezee! Simba! Simba wa kweli!"

"Pamejaa," alisema Bi Ngiri. "Halafu huku ni matako tu, hayaoni mtu."

Alikimbilia la pili, akakutana na meno ya Mbweha. La tatu, Nungunungu alikuwa amesimamisha miiba mpaka ya kichwani. Ndipo akakumbuka kwamba ana shimo lake, lile zuri la chini ya mwamba alilopewa siku ya kwanza. Hakuwahi kuliingia hata mara moja. Ya nini kulisafisha, wakati alijua Simba haji? Upepo ulikuwa umelijaza mchanga nusu. Fisi alijitosa kwa kichwa. Mabega yakapita, lakini tumbo lilikataa. Akasukuma, akapiga mateke, akabaki hapo, nusu ndani na nusu nje, mkia ukitikisika juani.

Simba alitembea taratibu mpaka katikati ya mchanga, akasimama akingoja heshima yake. Hata mwenye kuliwa, huko Nyaluma, alitakiwa asalimie kwanza.

"Shikamoo Mzee Simba!" zilisema nyuso zote kwa pamoja.

"Marahaba." Simba alizitazama moja moja, akaridhika, mpaka alipofika chini ya mwamba. "Na huyu mbona hanisalimii?"

Mahali ambapo pangekuwa na uso palikuwa na matako. Fisi alijaribu kusema shikamoo kutoka ndani, lakini tumbo lililobanwa likawahi. Jibu likatoka, refu, tena si kwa mdomo.

Mbuga nzima ilizuia pumzi, kwa sababu mbili.

"Huyo ndiye anayekunywa kwa jina lako, Mzee," alisema Sungura kutoka shimoni mwake, kwa adabu kubwa.

Simba hakunguruma. Hasira yake ilikuwa imepita kunguruma. Alimwendea Fisi, akamzunguka, kisha akageuka na kumkalia. Aliweka uzito wake wote juu ya yale matako, kama mtu anayekalia kigoda, akarekebisha manyoya, akaanza hotuba.

"Mimi ni Simba, mwana wa Simba, mjukuu wa Simba. Babu yangu alikunywa maji ya chemchemi. Baba wa babu yangu alikunywa maji ya chemchemi, tena ya upande wa juu..."

"Mzee, sipumui!" ilisikika sauti kutoka chini ya udongo.

"Usinikatize. Baba wa baba wa babu yangu..."

Jua likaanza kuinama. Simba alifika kwa shangazi zake, na shangazi zake walikuwa wengi. Maji yalikuwa pale, nusu kisima, hatua chache tu. Bi Ngiri alihisi pumzi ya Sikitu mgongoni ikija, ikikawia, ikija tena. Safari moja ilikawia mno. Hapo woga wote ulimwisha, akatoa kichwa nje ya shimo.

"Shikamoo tena, Mzee Simba."

Simba alinyamaza. Hakuna aliyewahi kumkatiza Simba kwenye shangazi zake. "Unasemaje?"

"Mtoto wangu anakufa kwa kiu, Mzee. Maji yale pale."

"Si anywe? Nani kamkataza?"

"Wewe, Mzee. Unatisha."

Kila mtu alifumba macho. Sungura alianza kusogea ndani zaidi.

"Natisha?" aliuliza Simba.

"Sana. Hata ukikaa tu. Hatuwezi kutoka na wewe uko hapo, miguu inakataa."

Simba alilifikiria neno hilo. Shangazi wote wale, na hakuna lililomfurahisha kama hili. "Kweli, natisha," alisema polepole. "Na mlafi je?"

"Sisi sote tumeona aliyekunywa," alisema Bi Ngiri, "safari hii kwa macho."

Simba aliinuka, akajikung'uta mchanga kwa dharau, akaondoka kuelekea milimani bila kuyatazama maji. Mpaka alipopotea majabalini alikuwa bado anatembea kwa madaha, akijua anatazamwa.

Hakuna aliyekumbuka foleni. Walisimama kando, wote, wakampisha Bi Ngiri apite na mtoto wake. Alimtia Sikitu mdomo majini. Kwanza hakuna kilichotokea. Bi Ngiri alilia bila kujificha. Kisha masikio madogo yakacheza, koo likapanda na kushuka, na Sikitu akanywa, akapaliwa, akapiga chafya, akanywa tena. Ndugu zake walikunywa baada yake, na wa tano alikuwa Sungura, aliyekumbusha namba yake mara tatu. Maji yaliendelea kutoka chini ya mchanga, polepole kama kawaida yake, na safari hii yalimfikia kila mtu.

Ulinzi akarudishiwa Kanga. Alipiga kelele kwa jani, kwa kunguru na kwa mkia wake, na kila mara mbuga nzima ilitimka mashimoni, ikaingia kinyumenyume, ikachungulia, ikaona ni jani, ikatoka. Hakuna aliyelalamika.

Fisi alichomoka shimoni jioni, tumbo lilipopungua. Mbele alikuwa Fisi yuleyule. Nyuma alikuwa amebonyea, mgongo unateremka kuanzia mabegani, na haujanyooka mpaka leo. Alikuja kisimani kichwa chini, na watu wakamwachia nafasi ileile aliyoiomba mwenyewe siku ya kwanza, ya mwisho kabisa.

Sikitu, ambaye sasa sauti ilikuwa imemrudia yote, alimtazama kwa muda mrefu.

"Mama," aliuliza kwa nguvu, "mbona Mjomba Fisi amesimama huku amekaa?"

"Msalimie kwanza," alisema Bi Ngiri.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," alisema Fisi.

Basi ndivyo nilivyoisikia, na aliyenisimulia alikuwa amekaa uso mlangoni.